Panga, na Ukae Karibu



Mama mwenye mpunga mbichi hangoji mbingu itakate kabisa. Akingoja, mpunga utaoza. Anatandika mkeka. Anaanika. Kisha hakai mbali. Jicho kwenye mpunga, jicho kwenye wingu. Tone la kwanza likidondoka, anaanua.

Mwaka 2020, waliotaka kwenda hifadhi ya Yellowstone kule Marekani, mwanzoni mwa majira ya joto, nao walikuwa na mawingu mawili ya kutazama. La kwanza ni la miaka yote: milimani kule theluji huweza kuanguka hata Juni, na barabara iliyokuwa wazi jana ikafungwa leo. La pili lilikuwa korona. Hifadhi ilifungwa Machi. Malango ya upande wa jimbo la Wyoming yakafunguliwa Mei. Malango ya upande wa jimbo la Montana yakangoja hadi Juni. Hifadhi ni moja, lakini lango hili wazi, lile limefungwa!

Kupanga safari wakati ule hakukuwa upumbavu. Nasema hivyo kwa moyo wote, maana watu walichoka kufungiwa, na moyo uliochoka unahitaji tarehe ya kutazamia. Ila tarehe peke yake haikutosha. Ilitakiwa koti zito begini. Ilitakiwa njia ya pili. Ilitakiwa kuuliza kabla ya kuondoka, na kuuliza tena njiani.

Msikilizaji, nawe leo una jambo umelipanga. Usilifute kwa sababu ya wingu. Lianze. Lakini kabla hujatoka, piga simu moja, uliza kama mlango bado uko wazi.