Nani Alikosa Hata Mtoto Akaugua?

Chukua mfano wa mvulana wa darasa la sita pale Dunga, ufukweni Kisumu. Usiku halali. Mchana amejikunyata nyuma ya nyumba, hataki kucheza wala kula. Mwalimu amemwandikia kwenye daftari kwamba siku hizi ni mvivu. Mama yake, mikono ikiwa bado inanuka omena, anaulizwa na shemeji yake: ni mwiko gani mliovunja?

Swali hilo halikuzuka jana. Waluo wana chira, maradhi yanayomfuata aliyevunja mwiko, na yanaweza kumwangukia hata mtoto asiyejua lolote. Dawa yake ni manyasi, yaani mitishamba. Kanisani jibu huwa jingine: pepo. Legio Maria, iliyojitenga na Kanisa Katoliki miaka ya 1960, inajulikana sana kwa maombi ya kutoa pepo, na haiko peke yake. Tuwatendee haki: imani hizi zinajua jambo ambalo zahanati nyingi husahau, kwamba mtoto haugui peke yake. Ukoo mzima huguswa, na ukoo mzima unapaswa kukusanyika.

Lakini kumtafuta mkosaji ni jambo jingine kabisa. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kutaka kujua dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi wake. Yesu anakataa majibu yote mawili. Katika Uislamu, mtoto asiyebaleghe haandikiwi dhambi. Na mwanafalsafa Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya, aliwahoji wazee wetu akaonyesha kwamba wenye hekima kati yao waliyapima mapokeo ya jamii yao, hawakuyabeba tu. Basi mzazi anayesita mbele ya neno chira hajausaliti ukoo wake.

Kuchelewa kuna gharama. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14. Miezi inayopotea kwa kutafuta mwenye hatia ni miezi ya masomo, ya usingizi, pengine ya uhai wenyewe.

Mzazi aende wapi, basi? Mlango unaojulikana zaidi ni Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi bado huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Mtoto akiwa anatatizika kujifunza au kuzungumza, ofisi ya elimu itamwelekeza mzazi kwenye kituo cha tathmini, EARC. Madaktari bingwa wa akili za watoto ni wachache mno Kenya, kwa hiyo mara nyingi wa kwanza kumwona atakuwa muuguzi au afisa wa kliniki. Hilo lisimvunje mzazi moyo. Atazame hivi: je, mhudumu anaongea na mtoto mwenyewe, kwa lugha anayoielewa? Anamweleza mama dawa ni ya nini? Anataka kujua yanayotokea shuleni na nyumbani?

Wachungaji, maimamu na wazee, mkiletewa mtoto wa namna hii, mwombeeni, kisha mfuatane naye hospitalini wiki hiyo hiyo. Na popote anapofungwa kamba, kupigwa au kunyimwa chakula kwa jina la maombi, mzazi amwondoe mara moja na kupiga simu 116, nambari ya msaada kwa watoto, ambayo hailipiwi.