Baba na Mama, Mtatembea Pamoja Lini?

Somo: Wimbo Ulio Bora 2:8-14



Somo hili husomwa siku ya arusi, kisha Biblia hufungwa mpaka arusi nyingine. Kijana anafika ukutani kwa mpenzi wake, anachungulia dirishani, anamwita atoke nje kwa kuwa majira ya mvua yamepita na maua yamechanua. Angalieni kwamba hamwiti kwenda kulima, wala kuchota maji, wala kumpeleka mgonjwa. Anamwita watoke tu, wawe pamoja. Na jambo hilo limo katika Maandiko Matakatifu.

Sasa tujitazame sisi wa Kimwani. Mume na mke wakionekana kituoni wakingoja basi la Bukoba, majirani huuliza: "Nani anaumwa?" Swali hilo latosha kutuhukumu. Baba anaijua njia ya kwenda uwanja wa Kaitaba kutazama mpira. Mama anaijua njia ya wodini.

Hatusemi haya kama watu wasio na deni. Tulifundisha chuo cha ualimu miaka mingi, tukapanga ratiba za wanafunzi hata dakika za kupumzika, na katika ratiba yetu wenyewe mama watoto hakuwamo. Tulipostaafu, watoto wakiwa wamekwisha ondoka, tuliketi mezani wawili tukakosa la kusema. Jioni moja akatuambia, wala hakuwa na hasira, kwamba Bukoba amefika mara nyingi, kujifungua na kuuguza, lakini ufukwe wa ziwa ameuona kwa mbali tu. Tulitafuta jibu, hatukulipata.

Juma lililofuata tulikwenda. Tulitembea mchangani, tukatazama kisiwa cha Musira, tukanunua samaki mmoja wa kukaanga tukamla kwa vidole. Gharama yetu ilikuwa nauli na samaki. Tulipokuwa tukirudi, ndani ya basi, akatueleza neno juu ya mtoto wetu aliyefariki akiwa mchanga, neno alilolibeba peke yake zaidi ya miaka thelathini. Nyumbani lisingesemwa, maana nyumbani daima iko kazi inayongoja.

Someni tena 1 Samweli 1. Elkana alikuwa akipanda kwenda Shilo mwaka kwa mwaka pamoja na jamaa yake. Huko, wakati wa karamu, ndiko alikomwuliza Hana kwa nini analia na kwa nini hali chakula. Huenda Hana alilia na nyumbani pia, lakini ni safarini ndipo tunaposikia mume akiuliza. Na Torati (Kumbukumbu 24:5) iliagiza mume mpya asiende vitani mwaka mzima, akae nyumbani amfurahishe mkewe. Mwaka mzima, ndugu! Sisi twaona uzito kutoa alasiri moja.

Mtasema nauli haipo. Basi nendeni kwa miguu hadi mahali panapoonyesha ziwa, mketi. Masika, kuanzia mwezi Machi hadi Mei, njia zikijaa matope, kaeni nyumbani mtafune kahawa wawili, kama vile tunavyompa mgeni wa heshima. Kwa nini mke asiwe mgeni wa heshima? Mwezi Novemba huja senene. Wazee watakumbuka desturi: mke alikusanya senene, akawasafisha, akamkaangia mumewe, naye mume akamnunulia nguo mpya. Desturi njema, ila mke mwenyewe alikatazwa kuwaonja! Nguo na iendelee kununuliwa, lakini bakuli liwe moja.

Kiangazi ni wakati wa kahawa kuuzwa. Fedha hiyo tunaijua: hufika mkononi mwa baba, na safari yake huishia kilabuni kwenye rubisi. Aliyepata vizuri angeweza kumchukua mkewe Kemondo wakapanda meli ya usiku mpaka Mwanza. Twajua wako wasioweza kuikanyaga meli tangu ajali ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, na hatuwalazimishi. Barabara ipo.

Nanyi wachumba mnaotuuliza mwende wapi: nendeni mchana, mahali penye watu, wazazi wakijua. Mzungumze. Msichana asiyeweza kumwambia kijana lililo moyoni ufukweni, hatamwambia jikoni.

Tulimwomba mama watoto ruhusa kabla ya kuandika habari zake. Akakubali, kwa sharti kwamba mwezi Novemba twende tena, na kwamba safari hii samaki atamchagua yeye, kwani yule wa kwanza alikuwa mifupa mitupu.