Damu ya Yezreeli: Unabii Mikononi mwa Watawala

Miongoni mwa masimulizi ya manabii katika Maandiko ya Kiebrania, machache yanaufichua uhusiano wa unabii na dola kama mapinduzi ya Yehu, yanayosimuliwa katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 9 na ya 10. Nabii Elisha anamtuma mmoja wa wana wa manabii, yaani wafuasi walioishi chini ya uongozi wake, aende Ramoth-Gileadi kumpaka mafuta kwa siri Yehu, jemadari wa jeshi, ambaye baadaye anawaangamiza Yoramu mfalme wa Israeli, Ahazia mfalme wa Yuda, Yezebeli mama yake Yoramu, na wana 70 wa Ahabu, mfalme wa zamani na baba yake Yoramu.

Usomaji wa kisiasa, yaani ule unaouliza simulizi linamhalalishia nani madaraka, hulitazama kwa makini agizo la Yehu kwamba maiti ya Yoramu itupwe katika shamba la Nabothi, mtu aliyeuawa kwa hila ili Ahabu atwae shamba lake la mizabibu. Dhuluma hiyo ilistahili karipio la nabii Eliya. Lakini Yehu anapoutaja unabii uliotamkwa dhidi ya Ahabu huku mikono yake ikivuja damu, neno lililomtetea mnyonge linageuka kuwa hati ya kukalia kiti cha enzi.

Maandishi ya nje ya Biblia yanalitatiza suala hili zaidi. Katika jiwe la Tel Dan, ambalo kipande chake cha kwanza kiligunduliwa mwaka 1993, mfalme wa Kiaramu, ambaye wataalamu wengi humtambua kuwa Hazaeli wa Dameski, anaonekana kujisifu kwamba yeye ndiye aliyewaua Yoramu na Ahazia.

Hata ndani ya Maandiko hukumu ni mbili: katika 2 Wafalme 10:30 Yehu anasifiwa na kuahidiwa kwamba uzao wake utatawala hadi kizazi cha nne, ilhali katika Hosea 1:4, karne moja hivi baadaye, Mungu anatangaza kuipatiliza nyumba ya Yehu damu ya Yezreeli, yaani damu ambayo Yehu aliimwaga katika mji huo. Wapo wafasiri wanaozipatanisha kauli hizi kwa kusema kwamba agizo lilikuwa halali, ila Yehu alipita kiasi. Hata hivyo, waliokusanya Maandiko waliziacha zote mbili zisimame. Kwa hiyo, anayeuliza ni nani anayenufaika na unabii haingizi mashaka ya kigeni katika Maandiko, kwa kuwa Hosea, aliye nabii mwenyewe, alikwisha kukataa kwamba mafuta ya upako yanatosha kuihalalisha damu iliyomwagwa.