Shabaha za Mkuu Zimpime Nani?

Kila mwanzo wa mwaka sisi waalimu twatakiwa kuandika shabaha zetu. Hapa Tanzania watumishi wa serikali walianza kujaza fomu za OPRAS mwaka 2004, na siku hizi wajaza shabaha zao katika mfumo uitwao PEPMIS. Nimewasikia waalimu wengi wakinung'unika ya kwamba kazi hiyo ni ya kuchosha vidole tu. Mimi sisemi hivyo, maana mtu asiyejua aendako hawezi hata kujua kama amepotea. Lakini liko swali moja nipendalo kulileta mbele yenu, wasomaji wapenzi, nalo lawahusu hasa wale waliowekwa kuwa wakuu wa idara katika shule. Je, shabaha za mkuu zimpime nani? Zipime kazi ya wale walio chini yake, au zimpime yeye mwenyewe?

Nauliza kwa kuwa mimi nililijibu swali hili vibaya, na walioumia walikuwa wengine.

Nilipowekwa kuwa mkuu wa idara ya hesabu katika shule moja iliyo chini ya milima ya Uluguru, nilipewa waalimu wanne, na mmoja wao alinizidi umri kwa miaka zaidi ya ishirini. Niliona fahari. Usiku ule ule nikachukua karatasi, nikaandika shabaha tatu. Ya kwanza, kila mwalimu atoe jaribio kila Ijumaa. Ya pili, alama ziwe mezani pangu Jumatatu asubuhi. Ya tatu, watoto wanaoshindwa wapungue nusu kabla ya mwaka kwisha. Tazameni, ndugu zangu: katika shabaha hizo tatu hapana hata moja iliyonitaka mimi kufanya neno lo lote ila kupokea.

Muhula ukaenda. Kila Jumatatu alama zilifika, nami nikaziandika katika daftari kubwa kwa mwandiko mzuri. Zilikuwa zikipanda. Siku ya wazazi mama mmoja aliteremka kutoka mlimani, akaja kuniuliza habari za binti yake wa Kidato cha Pili. "Mwalimu," akasema, "mwanangu anajua hesabu?" Nikafungua daftari nikamwonyesha: 60, kisha 62, kisha 65. Akafurahi, akashukuru, akarudi zake mlimani.

Baada ya majuma mawili mwalimu wa darasa lile aliugua, nikaingia mimi mahali pake. Nikamwita binti yule ubaoni ajumlishe nusu na theluthi. Akajumlisha moja na moja, kisha mbili na tatu, akaandika mbili ya tano. Nikamwita mwingine, naye akaandika vivyo hivyo. Katika watoto arobaini hawakupatikana kumi waliojua kazi hiyo.

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa ndiye yule mzee. Aliporudi nilimwendea kwa hasira, hata nikasahau kumpa shikamoo. Hakukana. Alisema ya kwamba jaribio lilikuwa lile lile kila mara, watoto wakakariri majibu, na Ijumaa nyingine hakutoa jaribio kabisa. Kisha akaniambia, "Mdogo wangu, uliomba alama, tukakupa alama. Hukuja hata siku moja kuuliza watoto wamekwama wapi. Babu yangu naye alichimba matuta namna hiyo hiyo."

Kwa wasomaji wasiojua habari za Morogoro, yanipasa kueleza maana ya neno lake. Serikali ya Kiingereza iliona ya kwamba mvua yauporomosha udongo wa Uluguru, na mito ya milima hiyo huingia Ruvu, mto ambao watu wa Dar es Salaam wanywa maji yake mpaka leo. Basi kutaka kuuhifadhi udongo ilikuwa shabaha njema. Mnamo mwaka 1950 mpango ukaanzishwa, na watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao. Lakini hesabu iliyotakiwa ilikuwa ya matuta, si ya mavuno. Mahali pengi udongo wa rutuba ni mwembamba. Jembe likauzika, na udongo wa chini usiofaa ukatokea juu, mahindi yakadhoofika. Watu walichoka kwa kazi wasiyoona faida yake. Mwezi wa Julai 1955 ikatokea ghasia upande wa Matombo, polisi wakapiga bunduki, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Mambo haya yameelezwa na Roland Young na Henry Fosbrooke katika kitabu chao cha mwaka 1960.

Walakini matuta yenyewe hayakuwa adui. Ukipanda Mgeta leo utaona mboga zimestawi juu ya matuta, kwa kuwa huko maji ya mifereji na soko la mboga humlipa mkulima jasho lake. Tofauti ni kwamba huyu achimba kwa sababu ya mavuno ayaonayo kwa macho yake, na yule wa zamani alichimba ili bwana shamba aone matuta.

Nilipokwisha kufikiri hayo niliona ya kwamba mimi nami nilikuwa bwana shamba wa namna ile. Niliamrisha jambo ambalo kushindwa kwake kulikuwa kwa wengine, na sifa yake ilikuwa yangu.

Hapa mtu aweza kunijibu, "Mwalimu, wamtetea mwongo. Mtu aandikaye alama za uongo ana hatia, hata mkuu wake awe nani." Ni kweli. Sikumwondolea mzee yule hatia yake, wala yeye hakuomba aondolewe. Aliwadhulumu watoto. Lakini hatia ya mwenzangu hainifichi mimi. Mkuu ajengaye njia ambayo mwongo hupita kwa raha na mkweli hujikwaa, asistaajabu akiwaona waongo wakitangulia.

Mwingine aweza kusema, "Pasipo hesabu watu watalala. Na mkuu akijiwekea shabaha za moyoni, kama vile 'nitakuwa mpole', nani atazipima?" Hili nalo ni neno la haki. Mimi sikatai hesabu. Mwalimu wa hesabu atazikataaje? Nisemalo ni hili: shabaha ya kwanza ya mkuu iwe jambo ambalo yeye mwenyewe aweza kushindwa nalo, na walio chini yake waweza kumwuliza.

Basi niliandika upya. Kwanza, kila juma nitaketi nyuma ya darasa la mwenzangu mmoja, lakini kabla ya hayo wao wote wataketi katika darasa langu na kunieleza makosa yangu. Pili, kila Ijumaa nitasoma madaftari kumi ya watoto, nipate kujua wamekwama wapi. Tatu, sitataja kosa la mwalimu mbele ya watoto wala mbele ya wenziwe. Karatasi hiyo nikaibandika ukutani katika chumba chetu, nikawaomba waniulize mwisho wa muhula.

Waliniuliza. Katika majuma kumi na mawili nilikuwa nimeketi madarasani mara saba tu. Niliona haya kulisema, lakini nililisema. Hapo mwalimu kijana kuliko wote akasema kwa sauti ndogo ya kwamba yeye mwenyewe hana hakika jinsi ya kufundisha kugawanya sehemu kwa sehemu, na ameogopa kuuliza tangu alipoajiriwa. Mzee yule akachukua chaki, akamfundisha pale pale, akikata chungwa kwa kisu. Sijapata kuona somo zuri kuliko hilo. Alama za shule hazikupanda upesi, wala sitawadanganya. Lakini zile zilizoandikwa zilikuwa za kweli.

Lilibaki jambo moja ambalo halikuwamo katika karatasi. Jumamosi moja nilipanda mlimani mpaka nyumbani kwa mama yule. Nilimwambia ya kwamba zile tarakimu nilizomwonyesha hazikuwa kweli, na binti yake hakujua. Alinyamaza kitambo, akipepeta mchele wake. Kisha akasema, "Ahsante kwa kuja, Mwalimu. Basi mfundisheni." Hakusema neno jingine, nami sikuwa na la kujibu.

Ndugu waalimu, wahenga walisema ya kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkuu atakaye kuwainua wengine aanze kwa kuinama, akaangalie kwa macho yake mwenyewe kilichomo mvunguni. Mwaka huu mtakapokaa kuandika shabaha zenu, someni kila mstari na kuuliza: jambo hili lisipotimia, nitakayeulizwa ni mimi au ni mwingine? Kama kila mstari wamwuliza mwingine, chukueni karatasi nyingine mkaanze tena.