Kabla ya bakora, mchezo

IMEKUWA ni kawaida katika baadhi ya madrasa zetu, mtoto akipandwa na hasira akampiga mwenzake, jibu ni bakora. Tujiulize ndugu Waislamu, hiyo ndiyo Sunna?

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba mdogo wake, Abu Umayr, alifiwa na ndege aliyekuwa akicheza naye. Mtume (s.a.w.) alipomkuta na huzuni hakumkaripia. Alimtania kwa upole, akamuuliza habari za ndege wake.

Ama kuhusu hasira, Mtume (s.a.w.) alielekeza kuwa aliyesimama akae, na isipomtoka alale. Kumbe hasira hutulizwa kwa viungo pia, si kwa mawaidha peke yake. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mtu mzima, mtoto wa miaka 6 je?

Hapa Same watoto hufika madrasa alasiri, wamechoka kwa shule na jua. Mimi huanza na mdako. Mchezo huo humfunza mtoto kungoja zamu na kukubali kushindwa bila ugomvi. Yatima mmoja aliyekuwa akipiga wenzake kila siku, alimtaja marehemu baba yake kwa mara ya kwanza akiwa kwenye kishimo cha mdako.

Wazazi wa milimani Upare, udongo wa kufinyanga mnao. Waacheni watoto wauchezee. Bakora humnyamazisha mtoto, lakini huzuni yake huiacha palepale. Watoto ni amana, nasi tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.