Tegemeo la Rubani Asiye na Injini
Huko Mweiga, karibu na Nyeri, glaida zisizo na injini zimerushwa kwa miaka mingi kati ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ambao kwa Wakikuyu ni Kirinyaga, makao ya Ngai, Mungu wao. Je, kutegemea kisichoonekana ni imani au uzembe? Hewa iliyopashwa joto na ardhi hupanda na kumbeba rubani, lakini haimwahidi lolote: wingu likifunika jua, kupanda huko hufifia. Tegemeo halali, basi, lina masharti. Usukani hukaguliwa kabla ya kuruka. Mwendo hauachwi ushuke hadi mabawa yashindwe kuinua. Katika nyanda hizi za juu hewa ni nyepesi, hivyo kutua huhitaji nafasi ndefu zaidi. Zaidi ya yote, uwanja lazima ubaki ndani ya umbali wa kufikika. Anayegeuka mapema hajapungukiwa imani hata kidogo.