Kutu Chini ya Rangi

Mtu anunuapo skuta kuukuu na kuitengeneza nyumbani kwake, kwa saa chache zinazombakia baada ya kazi yake ya kila siku, hufanya jambo la kusifiwa. Hukiokoa chombo kilichokwisha kuhukumiwa kutupwa, huifunza mikono yake, na aghalabu huongeza kitu katika kipato chake. Sifa hiyo sitaipunguza. Nataka kuuliza jambo jingine: fundi wa namna hii ana deni gani la ukweli kwa mtu atakayekipokea chombo hicho kutoka kwake? Swali hili nimelisikia likijibiwa kwa wepesi mno, na wanaolijibu kwa wepesi husema kuwa mnunuzi ana macho.

Nachagua mfano wa Tukuyu, kwa kuwa huko mvua haimruhusu mtu kulijadili jambo hili kwa nadharia tupu. Mji ule umekaa katika miteremko ya Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, na katika sehemu nyingi za wilaya mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 2,000. Mvua hiyo ni neema kwa migomba na mashamba ya chai. Kwa bati la chuma ni adui asiyelala. Skuta iliyoachwa upenuni miaka michache, hata ikifunikwa turubai, huliwa kutoka chini, mahali ambapo tope la barabarani limegandamana na unyevu haukauki.

Ni lazima kwanza nieleze jinsi skuta ilivyoumbwa, maana hoja yangu yote imesimama juu ya umbo hilo. Vespa ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Piaggio ya Italia mwaka 1946. Mbunifu wake, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na pikipiki hakuzipenda. Aliacha kiunzi cha mabomba ambacho pikipiki hujengwa juu yake, akayakunja mabati ya chuma yawe mwili na mifupa kwa wakati mmoja. Pikipiki ikipata kutu katika kifuniko cha gurudumu imepata aibu tu. Kifuniko hicho chaweza kung'olewa na safari ikaendelea. Lakini Vespa ikiliwa na kutu katika sakafu ya kuwekea miguu, kilicholiwa ndicho kinachoushikamanisha usukani na gurudumu la nyuma.

Juu ya injini sina mengi. Pistoni na pete zake hubadilishwa, kabureta husafishwa, plagi hununuliwa mpya. Injini ikakohoa, ikawaka, na watoto wa jirani wakashangilia. Injini haina hila: ikiwa mbovu hulalamika. Mabati hayasemi.

Basi fundi wetu, akiisha kukwangua rangi ya zamani, akakuta sakafu imetoboka, ana njia mbili. Aweza kukata sehemu yote iliyooza na kuchomelea bati jipya, kazi ya siku nyingi na ya gharama. Au aweza kuyaziba matundu kwa ule unga wa mafundi ugandao kama jiwe, akausugua kwa msasa, kisha akapaka rangi. Rangi ikikauka, jicho la mwanadamu haliwezi kuzitenganisha kazi hizi mbili. Huenda ya pili ikang'aa zaidi, kwa kuwa fedha iliyobanwa katika bati imenunua rangi bora.

Hoja ya macho ya mnunuzi ni ya kale. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alieleza mabishano ya Diogenes wa Babeli na Antipater juu ya mtu auzaye nyumba yenye mbao mbovu na nyoka vyumbani, kasoro ambazo yeye peke yake anazijua. Diogenes alishikilia kuwa kutosema si kudanganya, na hakuna aliyelazimishwa kununua. Antipater aliona kuwa jambo hilo ni baya kuliko kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea. Cicero akawa upande wa Antipater, nami niko huko. Hata hivyo namtendea haki Diogenes: muuzaji wake alinyamaza tu. Fundi wetu hakunyamaza. Rangi yake inasema, na neno inalolisema ni "nzima", neno ambalo katika Kiswahili hubeba ukamilifu na uhai pamoja.

Waislamu wanayo habari iliyo karibu zaidi na jambo letu. Mtume Muhammad alipita penye lundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione. Mvua haikulaumiwa, wala mtu hakulaumiwa kwa kunyeshewa. Alilaumiwa kwa jinsi alivyolipanga lundo lake. Hivyo hakuna aibu kwa mtu wa Tukuyu kuwa na skuta yenye kutu.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya ufukara. Kijana ametia akiba yake yote katika chombo hiki, pengine na ada ya mdogo wake. Akisema kweli, bei itashuka chini ya gharama. Je, uaminifu uwe ushuru wa maskini? Sina jibu la kumfuta machozi. Naona tu kwamba hasara imekwisha kuwapo, nayo haipungui kwa kufichwa. Humhamia mtu mwingine, naye mara nyingi ni maskini vile vile. Tena inapohama hubadilika, kwa kuwa ilikuwa hasara ya fedha na sasa ni hatari ya mwili. Barabara itokayo Tukuyu kwenda Kyela huteremka karibu mita 1,000. Diogenes na Antipater walibishana juu ya watu wawili, muuzaji na mnunuzi. Skuta ina kiti cha nyuma, na anayekikalia hakuwapo siku ya mapatano wala hakuulizwa lolote.

Njia ya kusema kweli si ngumu. Sumaku hainasi palipozibwa kwa unga kama inavyonasa kwenye bati, na mpini wa bisibisi ukigonga hapo hutoa mlio mfu. Fundi ailaze skuta ubavu mbele ya mnunuzi, ampe sumaku na bisibisi, kisha aondoke kidogo ili mwenzake achunguze bila haya. Bei wataizungumza akirudi.